Goti Halipakwi Grisi

Ninyi vijana mnaotoka shuleni na makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, naomba mnisaidie jambo moja. Mkimkuta mzee wa Kolwezi anayelalamikia goti, msimwambie lina usure. Mwambieni lolote jingine. Mwambieni lina umri, lina hasira, lina mambo yake. Lakini hilo neno la Kifaransa la kusema kitu kimelika, liacheni hukohuko darasani. Katika mji huu kila ukoo una mtu aliyefanya kazi kwenye karakana ya mgodi, na mtu wa karakana akisikia usure haulizi maswali, anazima mashine na kwenda kuketi.

Mimi nimefanya kazi ya kiné hapa mjini tangu ujana, yaani kuwatibu watu kwa mikono na mazoezi, mpaka nilipostaafu. Wagonjwa waliniita Mama Kiné. Wale waliochoshwa na mazoezi yangu waliniita Mama Mateso, wakidhani sisikii. Nilisikia vizuri sana, na wakati mwingine nilijibu nikiitwa hivyo, ili wapate aibu kidogo.

Arthrose ninyi mnaijua kwenye karatasi. Lile gegedu laini linalofunika ncha za mifupa linapungua, kiungo kinavimba, asubuhi kinakaza, kushuka ngazi kunakuwa adhabu. Kwenye karatasi pia mmesoma kwamba kabla ya mengine yote mgonjwa anatakiwa kufundishwa ugonjwa wake na kufanya mazoezi: atembee, misuli ya paja ipate nguvu, na uzito ukizidi upunguzwe. Inasomeka vizuri. Sasa nendeni mkamwambie hivyo mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akingojea siku ya kukaa.

Kwa wazee wetu kukaa ni cheo. Mtu akistaafu anapata kiti chake uani, kiti kinaelekezwa barabarani, na anayepita anasalimia. Ukimwambia ainuke atembetembee, umemvua madaraka mbele ya majirani. Mzee mmoja aliyekuwa karani aliwahi kuniuliza, kwa adabu zote, kama mazoezi yale hayawezi kufanywa na mjukuu wake yeye akiangalia. Nilimjibu kwamba yanawezekana kabisa, ila litakalopona ni goti la mjukuu. Alifikiri kidogo, kisha akasema basi tungojee mvua ziishe.

Tusiwacheke wagonjwa peke yao. Nilipoanza kazi, aliyenifundisha alikuwa Tata Mulongo (tata kwetu ni baba), mtu mnene mwenye viganja vya joto na sauti ya kanisani. Chumba chetu kilikuwa na taa nyekundu ya kupasha viungo joto, na watu waliipenda taa ile kuliko walivyotupenda sisi. Walikuja na mito yao. Walilala chini yake wakifumba macho, na ukiwaambia sasa tufanye mazoezi kidogo, ghafla walikumbuka kwamba wameacha sufuria motoni.

Siku moja umeme ulikatika taa ikiwa juu ya goti la mama mmoja mfanyabiashara. Tata Mulongo akaweka kidole mdomoni pake, nisiseme. Tukakaa kimya. Muda ulipotimia mama akafumbua macho, akanyoosha mguu, akasema moto wa leo ulikuwa mzuri, haukuchoma kama wa juzi. Akaenda zake amefurahi.

"Umeona, mwanangu?" Tata Mulongo akaniambia. "Taa iko inapumuzika, ye iko anapona. Tukimufundisha kusimama na kuikala bila mikono, atapona zaidi. Lakini pale hatatushukuru."

Ndiye aliyenionyesha zoezi ambalo mpaka leo nalithamini kuliko mashine zote nilizoona zikiletwa kwa sherehe na kuharibika kimya kimya. Alichukua benchi la kanisa, akamkalisha mgonjwa, akamwambia akunje mikono kifuani. Inuka kama padri ameingia, alisema, halafu ukikaa, kaa polepole kama benchi ni la kuazima. Kwa Waprotestanti alisema pasta. Kushuka polepole ndiko kunakojenga paja, na paja likiwa na nguvu goti linabeba mzigo mdogo. Kama mgonjwa hawezi kuinuka, ongeza mto chini yake, benchi liwe juu zaidi, na siku akiweza, uondoe mto. Na fimbo, tafadhali, ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Nimewaona wazee wangapi wanaishika upande wa goti linalouma, wanayumba barabarani, na daktari anawapita akiwasalimia.

Na ninyi wachimbaji mnaoshinda mmechuchumaa shimoni na kupanda na mfuko wa mawe mgongoni, msinicheke. Ninawaona mkitucheka tukishuka kwenye pikipiki kwa awamu. Magoti mnayoyatumia leo ndiyo hayohayo mtakayostaafu nayo, hakuna mengine yanayoletwa kutoka Lubumbashi.

Nilisema habari ya mafundi wa karakana. Kulikuwa na dereva mstaafu wa magari makubwa ya mgodi aliyenijia na goti jeusi tii, linang'aa. Nikamuuliza amepaka nini.

"Graisse, mama," akasema. "Ya muzuri. Haiko ya ku soko."

Alikuwa amepata kopo la grisi kwa rafiki yake aliyebaki kazini, na kila asubuhi aliipaka, akaifunga na kitambaa, kisha akakaa akingoja iingie ndani. Aliniambia kwamba roulement, ile beringi ya mashine, ikilia mafundi wanaitia grisi, na goti lake linalia, sasa nimwambie kosa liko wapi. Sikulipata mara moja. Hesabu yake ilikuwa sawasawa, tatizo ni kwamba goti halina tundu la kupitishia grisi. Nilimwosha kwa sabuni asubuhi nzima. Nikimsugua nilimweleza kwamba goti linatengeneza grisi yake lenyewe, na grisi hiyo inazunguka mwenye goti akitembea. Akikaa, inabaki palepale bila kufanya kazi. Hilo alilielewa kuliko mahubiri yangu yote ya gegedu. Siku hizo sokoni kulikuwa na bwana mwenye kipaza sauti aliyeuza mafuta ya nyoka ya kurudisha mifupa katika ujana wake. Yeye mwenyewe alikuja kwangu kisirisiri kutibiwa kiuno, na nilimweka kwenye benchi kama wengine.

Lakini aliyenifundisha uzito wa neno usure ni Tata Kalenga.

Tata Kalenga alikuwa fundi wa mikanda ile mirefu inayosafirisha mawe kiwandani. Alistaafu na heshima zake, mwembamba, msafi, kalamu mfukoni. Goti la kulia likaanza kumsumbua. Daktari mmoja kijana, aliyekuwa na haraka, aliangalia picha ya X-ray akamwambia: tata, ni usure, ni umri. Akamwandikia vidonge, akamwita mgonjwa mwingine. Tata Kalenga alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti, na akawa amekaa.

Nilipoitwa kumwona, picha ile alikuwa ameibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, mwanga upite vizuri. Kila mgeni alionyeshwa. Aliieleza kwa kalamu yake, hapa pamelika, hapa pameota kijiti, hapa nafasi imekwisha. Nilimwambia tutaanza na kusimama na kukaa.

"Mama Kiné," akaniambia, bila hasira, "mi njo mekanisiye. Kitu ikishakuwa na usure, hauizungushe tena. Unaisimamisha, unangojea pièce."

"Na pièce iko wapi, tata?"

"Haiyafika."

Akingojea pièce hiyo, kipuri ambacho hakuna aliyekiagiza, mke wake Mama Odette alifanya kazi ya miguu minne. Watoto walikuwa wameondoka wote, binti ameolewa Tenke, wavulana wako mbali na kazi zao. Mama Odette alichota maji, akapika bukari, ndiyo ugali wetu, akalima shamba lake la mahindi na mihogo njia ya kwenda Kasaji, akaimba kwaya, na kati ya hayo yote alimletea mume wake kikombe, gazeti, ndala, na kile kingine alichosahau kusema. Naye magoti yalimuuma. Alikuwa na picha yake ya X-ray pia, aliyopigwa alipoanguka sokoni. Aliiweka chini ya godoro kwa sababu kioo cha dirisha kilikuwa na mwenyewe.

Picha hiyo nilipoiona nilipata wazo ambalo nilijisifia njia nzima. Nilimwomba Mama Odette ruhusa, akacheka, akakubali. Nikaibandika dirishani kando ya picha ya mume wake, bila kusema ni ya nani, nikamwambia Tata Kalenga: wewe ni fundi, hizi ni mashine mbili, niambie ipi tuizime.

Alifurahi sana. Alivaa miwani. Alisogea, akarudi nyuma, akagonga kwa kalamu.

"Hii ya kwangu iko na usure, lakini nafasi inabakia kidogo," akasema. "Hii ingine, mama, samahani, hii ni ferraille, chuma ya kutupa. Mwenye hii asitembee hata kidogo."

Mama Odette akaingia wakati huo huo kutoka bombani na ndoo imejaa.

"Mwenye hiyo ndiye huyu," nikasema.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzuri. Ningemwambia kwamba picha haipimi maumivu, kwamba kuna watu wenye picha mbaya wanaotembea na wenye picha nzuri waliolala, na kwamba mke wake anatembea kwa sababu misuli yake haijapumzishwa. Sikuitoa. Tata Kalenga alivua miwani. Akainuka mwenyewe, bila mtu kumshika, akaipokea ndoo.

"Odette," akasema, "ikala."

Nilirudi nyumbani nikiamini nimeshinda. Nilipopita tena baada ya wiki chache nilikuta viti viwili uani, na Mama Odette kwenye kile cha pili, miguu juu ya kigoda. Fundi alikuwa amezima mashine ya pili. Sokoni asiende, shambani asiende, mazoezi ya kwaya asiende. Alimpenda mke wake kwa namna aliyoijua, na mashine yenye picha kama ile, aliniambia, unaizima kabla haijavunjika.

Nani basi alifanya kazi za nyumba ile? Nilisikia kikohozi nyuma ya nyumba, nikazunguka. Tata Kalenga alikuwa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, anapuliza moto na machozi yanamtoka. Bukari yake ilikuwa na mabonge ya kutosha kujengea ukuta. Aliniambia maji ni mazito kuliko alivyokumbuka na bomba limesogezwa mbali. Hakuna aliyelisogeza. Alilalamika juu ya moshi, juu ya ufagio, juu ya muuza makaa. Juu ya goti hakusema kitu, na mimi nilimwangalia tu anavyochuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka.

Miezi ilivyopita Tata Kalenga alianza kwenda bombani bila fimbo. Hakugundua. Aliisahau tu nyuma ya mlango.

Mama Odette aligundua yake. Mwanzoni alinenepa kidogo na kufurahi. Kisha magoti yakaanza kukaza, asubuhi alihitaji muda mrefu kukaa kitandani kabla ya kuthubutu kusimama, na choo cha uani kikawa safari. Jumapili moja akasema lazima aende kanisani. Wakati wa matoleo, akina mama wa kwaya walipoanza kucheza kuelekea mbele kama kawaida yao, yeye alishikwa na wenzake huku na huku, na kabla hawajafika alisema wamrudishe. Nilikuwa benchi la nyuma. Mwanamke yule zamani alikuwa akicheza mstari wa mbele. Niliiona aibu usoni mwake na nikaogopa, kwa sababu nimewaona wengi wa umri wake waliokaa hivyo wakidhani ni kwa muda, na hawakuinuka tena.

Kesho yake nilienda kwao na sikungoja kikombe cha maji. Nilimwambia Tata Kalenga mke wake anapoteza miguu.

"Lakini weye njo ulinionyesha ile film," akasema. Ilikuwa kweli, nikamuuliza:

"Film zimebadilika?"

Akatazama dirishani. Zilikuwa palepale, zimeanza kupauka kwa jua.

"Hapana."

"Wakati ule nani alikuwa anatembea?"

"Odette."

"Na sasa?"

Akaangalia mikono yake iliyo na masizi, akaangalia mlango ambao nyuma yake fimbo ilisimama. Kisha akamwangalia mke wake, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Kumbe goti haiko roulement," akasema. "Ukiisimamisha, njo inakufa."

Jamani, hapa kwetu hata yale mabaki ya zamani kule Kingamyambo, tope ambalo mashine zililitema, watu wanalichota upya na kutoa shaba na kobalti ndani yake. Lakini goti la binadamu, mtu mmoja mwenye haraka anasema neno moja na tunalitupa. Nilikuwa nimechangamka, nataka kuanza siku ileile. Nikamvutia Mama Odette kiti chenye mto, nikamwambia akunje mikono.

Mama Odette hakukunja mikono.

"Mi sitaki," akasema.

Nilidhani anaogopa maumivu. Nikaanza kumweleza kwamba maumivu kidogo wakati wa mazoezi hayaharibu kitu, kwamba kipimo chetu ni asubuhi inayofuata: kama yamezidi yale aliyoyazoea, tunapunguza, hatuachi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mama Kiné, tangu tulioana, hakuna mutu mwenye alinipikiaka bukari. Hata mugonjwa, hata nimezaa. Ile ya huyu tata iko na mabonge, lakini iko inanifikia hapa, niko nimeikala. Sasa munataka nipone. Nikipona, nani atarudia ku mbabula? Basi munaniacha nibakie mugonjwa."

Nawaambieni ukweli, kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemfundisha kila mtu katika nyumba ile habari za gegedu, na sikuwa nimeuliza mwanamke huyu anapona ili arudie nini. Nikamwangalia Tata Kalenga. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nitapika," akasema. "Hata ukitembea, nitapika."

"Unasema tu."

"Mama Kiné aandike."

Basi nikaandika. Kwenye karatasi ya ordonnance, ileile ya kuandikia dawa, niliandika: kwa Tata Kalenga, kuchota maji na kupika bukari ya jioni, bila kikomo. Kwa Mama Odette, zoezi la benchi asubuhi na jioni, kisha kutembea, akianza na mwisho wa uzio na kuongeza taratibu. Tata Kalenga aliibandua picha yake dirishani akabandika karatasi hiyo. Kisha akachukua vyuma chakavu, akachomelea meza ya kuwekea mbabula, ili mtu apike amesimama na asichuchumae mpaka miguu ife ganzi. Hicho ndicho kifaa cha tiba bora nilichowahi kukiona, na kilitoka kwenye ferraille.

Wanaume wa mtaani walimcheka, bila shaka. Walipita makusudi saa ya bukari wakimuuliza kama mboga imeiva. Aliwajibu kwa heshima kwamba yuko kwenye matibabu, na kuwaelekeza dirishani wakasome. Baada ya hapo wake zao walianza kuja kwangu mmoja mmoja wakiomba ordonnance kama ile, hata wale ambao waume zao walikuwa na magoti ya kukimbilia treni. Nilimwandikia kila aliyeomba.

Mama Odette alihangaika. Siku za kwanza alilia kwenye zoezi lile, na aliniita Mama Mateso usoni. Asubuhi nyingine goti lilivimba, tukapunguza, tukangoja, tukaanza tena. Mto ukaondolewa. Akafika mwisho wa uzio, akafika bombani akiwa na fimbo na bila ndoo, akafika kwa jirani na kukaa huko kwa maongezi mpaka Tata Kalenga akamtuma mtu kumwita chakula kinapoa. Shamba lilikuwa mbali, nje ya nyumba za mwisho, na shamba ndilo alilolitaka. Kila nilipomuuliza kama yuko tayari alisema bado. Kisha nikasikia kwa majirani kwamba ameenda, peke yake, na jembe begani.

Nilimkuta jioni ameketi uani, udongo miguuni, anamenya mihogo. Moshi ulitoka nyuma ya nyumba na mtu alikuwa anakoroga huko kwa nguvu. Nikamuuliza safari ilikuwaje, na kama hakuogopa kwenda njia yote ile peke yake.

"Sikuenda peke yangu," akasema kwa sauti ya chini, akitazama upande wa moshi. "Ye alikuwa nyuma. Nikigeuka, anajificha ku miti. Anazani sikumuona."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikapunguza mwendo," akasema Mama Odette. "Ili ye asichoke."